Mayai Yangu Nayafuatilia, ya Jirani Ndiyo Yaliyonitia Hasara

Mtu akiniuliza, "Dada, vifaranga unachukua wapi?" nami humuuliza kwanza: unatafuta kifaranga au unatafuta tarehe? Kifaranga yupo kila kona. Tarehe ya kweli ndiyo adimu.

Nafuga kuku wa nyama Chanika, Dar es Salaam, banda moja la mita sita kwa nane, vifaranga 500 kwa mkupuo. Huduma ninayoieleza ni ya wakala wa vifaranga ambaye nimeshachukua kwake mikupuo mitano. Jina lake nalibakiza mdomoni, maana kuna pesa yangu bado tunabishania, na sitaki kesho aje kusema nimemchafua.

Kabla yake nilikuwa kwa yule wa "kesho mama". Unamwaga maranda, unawasha majiko Jumanne, vifaranga wanafika Ijumaa, mkaa umeteketea bure. Siku moja aliniletea maboksi matano, miguu ya vifaranga imesinyaa kama vijiti vya kiberiti, kawaita wa siku moja wakati walikuwa na siku tatu. Kifaranga huzaliwa na kiini cha yai tumboni, kinaweza kumshikilia mpaka saa 72 bila kula. Wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana wanathubutu kuwaweka stoo wakisubiri mteja. Lakini akikufikia kiini kimeisha, wiki ya kwanza yote unamfukuzia uhai, wala si uzito.

Huyu wa sasa utaratibu wake uko hivi. Unalipa nusu kwa simu. Siku mayai yako yanapoingia mashineni unapata ujumbe: tarehe, idadi ya mayai, umri wa kuku wazazi kwa wiki. Siku ya 10 wanayamulika kwa taa, wanatoa yasiyo na mbegu na yaliyokufa mapema, unapata ujumbe wa pili wenye idadi iliyobaki. Siku ya 18 wanayahamisha kutoka mashine ya kuatamia, iliyokuwa ikiyageuza kila saa, na kuyalaza kwenye trei za mashine ya kuangulia, ambako hayageuzwi tena. Ujumbe wa tatu. Siku ya 21 unapigiwa: vifaranga wako kwenye gari, dereva ni huyu. Kwa haya yote ananitoza shilingi 50 zaidi kwa kifaranga kuliko mawakala wengine, yaani 25,000 kwa oda yangu. Mume wangu alisema ni kununua meseji. Mkupuo wa tatu ulimnyamazisha.

Mkupuo huo waliniingizia mayai 640. Kwa kawaida kwa idadi hiyo napata vifaranga 500 na kidogo juu. Siku ya 10 ujumbe ukasema yametolewa 118, yamebaki 522. Nikampigia kijana wa wakala anayepokea oda. Hakuzunguka: "Mama, jogoo wa kundi lile wamechoka, mbegu ni chache. Hesabu vifaranga 450." Siku ya 21 walikuja 455. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja mkononi, kwa hiyo nilipunguza chakula cha kuanzia nilichokuwa nimeagiza, nikabana eneo la kulelea kwa kadibodi, na mteja wangu mmoja wa chipsi kuku nikamwambia mapema mzigo wake utapungua. Kwa wakala wa zamani ningejulia mlangoni, nahesabu maboksi.

Faida nyingine sikuiona mpaka nilipoandika kwenye kaunta buku. Siku 21 ni wiki tatu kamili, basi yai lililoingia mashineni Alhamisi huanguliwa Alhamisi. Mimi nauza kuku wakiwa na siku 35, wiki tano kamili, Alhamisi tena. Wiki nane kutoka yai hadi sokoni. Nikitaka kuku wa kupeleka soko la Kisutu tarehe 20 Desemba, mayai yake lazima yawe mashineni tarehe 25 Oktoba. Atakayeanza kutafuta vifaranga wa Krismasi katikati ya Novemba atachelewa, hata aape.

Ile namba ya umri wa wazazi niliipuuza mwanzoni. Mkupuo wa nne ujumbe ulisema wiki 27, nikapita tu. Vifaranga walipofika niliweka kumi kwenye mzani wa jikoni, mzani ukasoma gramu 340, wakati nimezoea 400. Kuku anayeanza kutaga hutaga yai dogo, na kifaranga huwa karibu theluthi mbili ya uzito wa yai lake, kwa hiyo hakuna aliyekosea pale. Vitovu vilikuwa vimefunga vizuri, miguu inang'aa. Wanahitaji joto zaidi tu. Mimi niliwapa joto lilelile la siku zote, wakajirundika pembeni usiku, asubuhi nikaokota kumi na wanne. Hao sikumlaumu wakala. Aliniambia, nikashindwa kusoma.

Lawama yangu iko kwenye mkupuo wa tano.

Kila kitu kilikwenda kama saa. Mayai yaliingia Alhamisi, wakaanguliwa Alhamisi, jioni badala ya asubuhi kwa sababu umeme uliwakatikia (na hilo pia waliniandikia). Niliwagusa chini ya shingo baada ya siku moja, karibu wote gole, ule mfuko wa chakula, lilikuwa limejaa, laini. Siku ya 35 nilikuwa na kuku 486 wa kilo moja na nane hivi. Nikapiga simu kwa wateja wangu. Wa kwanza ana kuku. Wa pili ana kuku. Wa tatu akanicheka: "Dada, Chanika nzima mnauza leo?" Kumbe kweli. Kuanzia kwetu mpaka Msongola kulikuwa na mabanda kama manane hivi yaliyopokea vifaranga Alhamisi ileile, kutoka gari lilelile. Kuku niliyemzoea kwa 7,500 nikaambiwa 6,000, na waliotaka walitaka thelathini thelathini. Nilimaliza siku ya 40. Kuku wa umri ule banda langu linakula karibu mifuko miwili ya kilo 50 kwa siku, piga hesabu mwenyewe.

Yeye wakala alijua. Aliyajua mayai yangu 640 na akayajua ya wengine wote, yote yalikuwa kwenye mashine zake wiki tatu kabla. Hata angeandika neno moja, "wiki hii upande wenu wako wengi", ningeisogeza oda yangu wiki moja mbele, nisingekasirika.

Mwanangu anasoma SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro. Nilipomlalamikia akanionyesha kwenye simu kwamba Marekani, kila Jumatano, watu wa takwimu wa wizara yao ya kilimo hutoa hesabu ya mayai ya kuku wa nyama yaliyoingia mashineni wiki iliyopita na vifaranga waliopelekwa mabandani, jimbo kwa jimbo, majimbo 19. Mayai ni zaidi ya milioni 200 kwa wiki. Muuza chakula, mwenye machinjio, mnunuzi wa nyama, wote wanasoma karatasi moja, wanajua nyama ya wiki nane au tisa zijazo itakuwa kiasi gani. Mimi siombi jimbo. Naomba njia moja ya gari, Gongo la Mboto mpaka Msongola.

Nikampelekea yule kijana wazo. Akajibu, "Mama, hiyo ni siri ya wateja." Majina ni siri, sawa. Jumla ni siri ya nani? Nilipomwambia anirudishie walau ile 25,000 ya meseji kwa mkupuo ule, akasema atamuuliza bosi. Mwezi wa pili huu anamuuliza.

Madogo mengine: ujumbe wa siku ya 18 mara mbili ulifika siku ya 19, na dereva wao hapokei simu akiwa njiani. Maboksi yao ni safi, vifaranga 100 na wawili wa nyongeza, na mara zote tano sijakuta boksi pungufu.

Kwa anayeanza kufuga namshauri achukue kwao bila kusita, hasa kama amewahi kuchoma mkaa wa bure. Kwa sisi wa njia ya Chanika, ulizeni jirani kwanza. Mimi sasa nina namba za simu za wenye mabanda sita, na kabla ya kutuma nusu ya pesa nawapigia wote: mnaingiza lini? Oda yangu ya sita imeingia mashineni Alhamisi iliyopita, na kati yangu na hao sita, tulioingiza siku hiyo tuko wawili tu. Siku ya kumi ni Jumapili.