Skrini ya kompyuta: uliza kimo kabla ya inchi

Inchi zinazoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa mshazari, kona hadi kona. Hazikwambii skrini ina kimo gani, na kwa anayesoma na kuandika kutwa, kimo ndicho kila kitu. Skrini ya inchi 29 yenye uwiano wa 21:9 (upana kwa kimo) ina kimo cha sentimita 28.6 hivi, ya inchi 24 ya 16:9 inakaribia 30. Umelipia inchi tano zaidi, ukurasa umezidi kuwa mfupi!

Ndiyo maana nafasi ya kwanza naipa 16:10. Yenye pikseli (nukta zinazounda picha) 1920 kwa 1200 inaizidi ile ya 1920 kwa 1080 kwa safu 120 za pikseli, yaani mistari kadhaa ya maandishi usiyohitaji kuisogeza. Video zitakuwa na ukanda mweusi juu na chini. Sijawahi kusikia mhasibu akililalamikia hilo. Kasoro yake ni kwamba skrini za mezani za umbo hili ni chache, nyingi zimo kwenye laptopu.

Ukiikosa, chukua 16:9 ya inchi 27, pikseli 2560 kwa 1440. Ni umbo la televisheni, kwa hiyo video na gemu nyingi huijaza vizuri, na aina za kuchagua ni tele. Iepuke inchi 27 yenye 1920 kwa 1080, herufi zake huonekana zina kingo za msumeno.

Ya tatu ni 21:9 ya inchi 34, 3440 kwa 1440. Kimo chake ni karibu sawa na cha hiyo ya inchi 27. Unachoongeza ni upana tu. Anayehariri video ataufurahia. Mwenye gemu ajue kadi ya michoro itabeba pikseli zaidi kwa theluthi moja hivi. Na ukionyesha skrini nzima mkutanoni, wenzako wataona herufi kama sisimizi.

Mwisho kabisa, 32:9. Inchi 49 ni kama skrini mbili za inchi 27 zilizoungana, upana wa mita 1.2, kwa hiyo pima meza kwanza. Mimi ningenunua hizo mbili mbalimbali. Moja ikifa, kazi inaendelea, tena moja unaweza kuisimamisha wima ukapata kimo cha karibu sentimita 60.