Bugi za Aruba: Inalipa au Hailipi? Riviu Yangu Kamili

Inalipa. Nimeanza na jibu kabisa kwasababu najua wengine mnaangalia kwa bando la kuunga unga, sasa sitaki mtu anisubiri dakika kumi ndio asikie. Ziara ya kuongozwa ya bugi, yaani vile vigari vya wazi vya kupita kwenye vumbi na mawe, kule Aruba inalipa, ila inalipa kwa masharti, na hayo masharti ndio nataka tuyaongee leo taratibu, maana kuna watu wanarudi wamenuna wanasema wamepigwa hela zao wakati walichokosea ni kuchagua tu.

Haya karibuni sana, na kama ni mgeni hapa karibu, jisikie nyumbani. Aruba kwa wasiojua ni kisiwa kidogo, kilomita za mraba 180 hivi, kiko kusini kabisa ya Karibiani, Venezuela iko pale jirani kama kilomita 29, na ni sehemu ya Ufalme wa Uholanzi lakini tangu mwaka 1986 wanajiendesha wenyewe. Watu mkisikia Karibiani mnawaza minazi na mvua na kijani kila mahali, sasa Aruba futa hiyo picha, kule ni kukavu, dungusi kakati zimesimama ndefu kukushinda, mshubiri kila kona, mbuzi wanajitembelea, na upepo hauachi kupuliza, yaani kuna miti yao inaitwa dividivi imelala yote upande mmoja kwasababu ya upepo huo huo miaka nenda miaka rudi. Na hapo ndio bugi inapopata maana, kwasababu upande wa hoteli na fukwe nyeupe unafika kwa basi vizuri tu, lakini upande wa kaskazini, ule wa mawe na mawimbi makali, barabara ni ya vumbi na miamba, gari dogo la kukodi utaliua.

Tuanze na chombo chenyewe. Hizi ni zile za kukaa watu wawili ubavu kwa ubavu, kuna na za watu wanne, zina usukani wa kawaida, mikanda, vyuma vya juu vya kukinga mkipinduka, hazina kioo mbele. Gia ni otomatiki, kuna kirungu kina H, L, R, N na P. Sasa sikilizeni hapa kwasababu wanawaelekeza haraka haraka mkiwa bado mnapiga selfi: H ni ya kwenda, L ni ya kupanda mawe. Ndani ya hizi mashine nguvu inapita kwenye mkanda wa mpira, ukipanda mwamba mkali na H huku umekanyaga mafuta, gari haliendi lakini mkanda unasuguana, unapata moto, unaanza kusikia harufu ya mpira unaungua, ukiendelea unakatika na hapo safari yako imeisha, unakaa kwenye jua kusubiri uvutwe. Ukifika kwenye mawe simamisha kabisa, tia L, ndio upande. Shokapu zake ni ndefu zinameza mashimo vizuri sana, hapo sina malalamiko, shemeji yenu ana mgongo wa kulalamika na alishuka anacheka.

Kitu kingine kwa sisi tuliojifunzia gari Tanzania, Kenya, Uganda, kule wanaendesha mkono wa kulia. Kwenye vumbi haina shida, shida ni ule mwanzo, maana kabla ya kufika porini mnapita barabara ya lami na magari ya watu wanaoenda kazini, na Aruba wanapenda kipilefti jamani, kila ukigeuka kipilefti, na unaizunguka kinyume na tulivyozoea. Kama dereva wako hajawahi kuendesha mkono wa kulia basi mpe usukani mwenzake mpaka mtoke kwenye lami, mbona mtabadilishana tu mkisimama, alimradi wote mna leseni na majina yenu yote mawili yameandikwa kwenye fomu. Hilo la majina muulize kabla hujalipa.

Vumbi sasa. Hili ndio linaharibu safari za watu wengi kuliko kitu chochote. Mnaenda kwa msururu, mwongozaji mbele, msaidizi wake nyuma kabisa, nyie katikati, na mkitoka kwenye mnara wa taa wa ncha ya kaskazini magharibi kuelekea kusini mashariki mnakuwa mnakutana na upepo uso kwa uso, kwahiyo vumbi la wa mbele lote linarudi nyuma na kulia, na kulia ndio kakaa abiria. Nilichokiona kinasaidia ni kuacha nafasi kubwa, kubwa kweli, mpaka uone vumbi limetua, maana njia ni moja huwezi kupotea na msaidizi yuko nyuma yako. Wanaong'ang'ania kufuata mkia wa mwenzao ndio wanakula vumbi lote. Miwani waliyotupa pale tulipochukulia gari ilikuwa imechubuka vibaya, yangu upande wa kushoto nilikuwa naona ukungu tu, nikaomba nyingine nikapewa iliyochubuka vilevile, na kwa bei ile hilo halikubaliki. Bebeni miwani yenu ya kufunga vizuri pembeni, bebeni na kitambaa cha kufunga pua na mdomo, kanga nyepesi inafanya kazi vizuri kuliko zile barakoa. Simu iwe kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga.

Njia yenyewe. Kampuni nyingi wanapita vituo vilevile kwahiyo nawapa picha. Mnara wa taa wa California uko ncha ya kaskazini magharibi, umepewa jina la meli iliyozama karibu na hapo mwaka 1891, mnasimama, mnapiga picha, mnaondoka. Kanisa la Alto Vista, dogo, la rangi ya njano, liko peke yake juu kule na misalaba myeupe njiani, la kwanza lilijengwa mwaka 1750 na hili lililopo lilijengwa upya miaka ya 1950. Pale nyamazisheni injini na sauti zenu, watu wa kisiwa wanaenda kusali kweli, nilimkuta bibi mmoja kakaa benchi ya nyuma na rozari yake halafu mtu wa kundi letu anaingia na helmeti kichwani anaongea na video. Sikupenda kabisa.

Bushiribana ndio kituo ambacho mimi ningewaomba wakipe muda zaidi. Dhahabu iligunduliwa Aruba mwaka 1824, na mwaka 1872 kampuni ya Waingereza ikajenga kiwanda cha kuyeyushia pale pwani, kikafanya kazi kama miaka kumi tu kikaachwa. Leo zimebaki kuta za mawe, nene, zimepangwa jiwe juu ya jiwe, ukipanda zile ngazi ukasimama kwenye uwazi wa dirisha unaiona bahari inapiga chini yako na chumvi inakufikia mdomoni. Mimi nyumbani ni watu wa Geita, dhahabu nimekua naisikia, kwahiyo nilitamani kukaa pale niulize maswali: mawe walisaga vipi, maji baridi walitoa wapi kwenye kisiwa kikavu hivi. Tukaambiwa dakika kumi na tano tupande gari. Karibu na hapo kuna bwawa la pangoni, unashuka kwa ngazi, maji yanaingia kutoka baharini kupitia kwenye mwamba, na hapo wanawapa muda mrefu kwasababu watu wanapenda kuruka. Ni pazuri, ila muangalieni mwongozaji, akisema leo bahari imechafuka hatuingii basi hamuingii, huo upande wa kaskazini mawimbi yake hayana utani na sehemu kubwa ya pwani ile watu hawaogelei kabisa.

Kuna daraja la asili, lile la mwamba ambalo bahari ilitoboa chini, mtaliona kwenye picha nyingi za matangazo mpaka leo. Lilianguka tarehe 2 Septemba 2005. Lilishaanguka! Mnachoenda kuona ni mabaki yake, na daraja dogo lililobaki pembeni. Bado panapendeza, lakini mtu asikuuzie safari kwa picha ya kitu ambacho hakipo.

Na hapa ndio nataka tuelewane vizuri, hili ni la muhimu kuliko yote. Conchi, lile bwawa la asili lililozungukwa na mawe ya volkano, liko ndani ya hifadhi ya taifa ya Arikok, na hifadhi hiyo inachukua karibu moja ya tano ya kisiwa kizima. Bugi haziruhusiwi tena kuingia Arikok. Video za zamani zitakuonyesha watu wamepaki bugi pale juu, zamani ilikuwa hivyo, sasa hivi hapana. Kama ndoto yako ni Conchi basi chukua ziara ya jipu, au farasi, au tembea kwa miguu na maji ya kutosha, usikate tiketi ya bugi halafu ukafika ukaanza kugombana na mwongozaji. Na ukikuta mtu anakuuzia bugi ya kuingia Arikok jua hapo kuna tatizo.

Mimi nauunga mkono huo mkatazo kwa moyo wote, japo napenda bugi. Nitawaambia kwanini. Tuko njiani, kijana mmoja wa kundi letu akatoka kwenye njia akakata kona kwenye mchanga ili apate video ya kurusha vumbi. Mwongozaji wetu, mama wa makamo mzaliwa wa palepale, akasimamisha msururu wote, akazima gari, akamfuata kwa miguu, wala hakufoka. Akatuita tushuke wote. Akatuonyesha tundu pembeni ya njia, dogo, mkono ungeingia, akasema subirini. Tukasubiri. Akatoka bundi, kabundi kadogo kana miguu mirefu, kamesimama mdomoni mwa shimo mchana kweupe kanatuangalia na macho ya njano. Wanamuita shoco, ni bundi anayeishi ardhini, anataga ndani ya shimo, na tairi la bugi likipita juu ya shimo udongo unashuka na waliomo ndio basi. Nilimwangalia yule kijana, aliivua helmeti yake taratibu na hakukata kona tena. Ardhi kavu kama ile alama ya tairi inakaa muda mrefu, mvua hakuna ya kuifuta, na mtu wa nyuma akiona alama anajua ni njia, anafuata, kesho ni barabara. Kwahiyo ukichagua kampuni, mimi ningekwambia usiulize gari lina nguvu kiasi gani, uliza mnafanyaje mteja akitoka nje ya njia. Jibu lao litakwambia kila kitu. Pia yale mawe watu wanayopanga panga pwani eti wanaomba dua, mama alituomba tusifanye, mijusi na wadudu wanaishi chini yake, nami naomba hivyo hivyo.

Hela. Bei nilizokutana nazo zilikuwa zaidi ya dola mia mbili kwa gari la watu wawili, safari ya nusu siku, kwahiyo mkiwa wawili mnagawana, ukiwa peke yako inauma. Dola zinapokelewa kila mahali, hela yao ni florini na imefungwa kwa 1.79 kwa dola moja, kwahiyo hakuna haja ya kuhangaika kubadilisha. Kabla ya kusaini fomu zunguka gari na simu yako urekodi kila mkwaruzo, bampa, tairi, kiti, halafu soma kiasi utakachodaiwa ukiharibu, maana bima nyingine inalinda watu tu, gari ni juu yako. Mama mjamzito asipande, na mwenye mgongo mbovu kweli kweli asipande, hata shokapu iwe nzuri vipi. Watoto muulizeni kampuni kabla, kila mmoja ana umri wake.

Viza, najua mtauliza. Wenye green card ya Marekani mnaingia Aruba bila viza, mnajaza tu fomu yao ya mtandaoni kabla ya kusafiri. Wenye pasi za kwetu mnaotokea Afrika Mashariki moja kwa moja pitieni ubalozi wa Uholanzi muulize mapema. Na mkirudi Marekani ukaguzi wa uhamiaji mnafanyiwa palepale uwanja wa ndege wa Aruba, kwahiyo fikeni mapema sana, foleni yake nimeiona mimi.

Mimi nashauri zamu ya asubuhi, jua la saa nane mchana kwenye mawe yale na helmeti kichwani ni mateso. Maji ya kunywa jazeni bombani hotelini, ni ya bahari yamesafishwa na ni mazuri kabisa, chukueni chupa kubwa kila mtu yake. Viatu vya kufunga, msije na ndala, kule kwenye bwawa la pangoni mawe yanakata. Nguo nyeupe ziacheni, na zile mtakazovaa zikung'uteni nje kwanza kabla ya kuziweka kwenye sanduku. Maswali yaleteni hapo chini, hasa wenye kutaka kujua ziara ya jipu ya Arikok, hiyo nayo nimeirekodi.