Uzoefu wangu na Ryzen 7 5800X: kasi nimeipata kwa kupunguza volti

Nimeitumia Ryzen 7 5800X, prosesa ya AMD, kwenye kompyuta yangu ya mezani muda wa kutosha kuizungumzia bila kupiga chuku. Ni prosesa tamu, lakini anayetaka kuipiga ovakloki (kuikimbiza zaidi ya kasi ya kiwandani) kwa mtindo wa zamani, yaani kupandisha volti hadi mashine ikubali, atahangaika bure.

Nianze na kinachowatia wengi kiwewe. Fungua HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya kompyuta, mashine ikiwa haina kazi ya maana, utaona volti zinaruka hadi 1.45, mara nyingine zinakaribia 1.5. Tulia. Hapo kiini (core) kimoja tu kati ya vinane ndicho kinachokimbizwa kuelekea gigahezi 4.7, tena kwa muda mfupi, na mkondo wa umeme ni mdogo. Viini vyote vikibebeshwa mzigo, prosesa inashusha volti yenyewe. Kinachoichakaza ni volti kubwa, mkondo mkubwa na joto vikikutana kwa muda mrefu. Kwa hiyo 1.45 inayokuja na kuondoka haina uhusiano na 1.45 uliyoifunga kwa mkono kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) kisha ukaanza kurenda video usiku kucha. Na usisome namba yoyote tu: tazama iliyoandikwa SVI2 TFN, yaani kipimo cha volti inayoifikia prosesa, maana Vcore (volti ya viini) inayosomwa na mazabodi mara nyingi huwa nje ya ukweli.

Nilianza kwa kufunga viini vyote kwenye gigahezi 4.6 na kuiachia mazabodi ichague volti. Sitaitaja jina. Ilimwaga karibu 1.4 chini ya mzigo mzito, ilhali nilipoandika mwenyewe 1.275 kazi ileile ilikwenda bila shida. Nishati inayoliwa hupanda kwa kipeo cha pili cha volti, kwa hiyo hiyo tofauti ni kama asilimia 20 zaidi kwa kasi ileile, na yote inaishia kuwa joto. Tangu hapo sehemu ya volti siiachi kwenye Auto ninapofunga kasi.

LLC (Load-Line Calibration), mpangilio mwingine wa BIOS, nayo ina mtego wake. Mzigo ukiingia, volti hunywea kidogo, na ndivyo ilivyokusudiwa. LLC hupunguza huko kunywea. Lakini ukiikaza hadi mwisho, mzigo ukitoka ghafla volti inaruka juu ya ulichoandika, kama anayevuta kamba kwa nguvu zote halafu wa upande wa pili akaiachia. Mruko huo ni mfupi mno, HWiNFO haiuoni, unahitaji osiloskopu. Mimi nimebaki kiwango cha kati. Angalia kijitabu cha mazabodi yako kwanza, kwa sababu kwa wengine kiwango cha 1 ndicho kikali kuliko vyote na kwa wengine ndicho laini.

Kilichonifanya niipende prosesa hii ni Curve Optimizer, iliyo ndani ya PBO (Precision Boost Overdrive), swichi ya AMD ya kuongeza kasi. Badala ya kufunga volti, unakiambia kila kiini kitumie pungufu kidogo katika kasi zote. Unaweza kushuka hadi hatua 30, na kila hatua ni takriban milivolti 3 hadi 5. Joto lililookolewa prosesa inaligeuza kuwa kasi yenyewe. Kwenye Cinebench R23, programu ya kupima nguvu ya prosesa, viini vyote vilikuwa vikikaa gigahezi 4.45 hivi; sasa vinacheza karibu na 4.6, na joto limeshuka nyuzi kadhaa.

Ila Cinebench haitoshi kukuhakikishia chochote hapa. Mashine yangu ilikuwa ikiimaliza vizuri kabisa, kisha ikajiwasha upya nikiwa nasoma tu habari. Kwenye kumbukumbu za matukio za Windows nikakuta WHEA-Logger namba 18, taarifa ya hitilafu ya vifaa, na ndani yake APIC ID 8, namba ya uzi uliokosea. Kila kiini kina nyuzi (threads) mbili za kazi, kwa hiyo unagawa kwa mbili: kiini namba 4, ukihesabu kuanzia sifuri. Kumbe ni mojawapo ya vile HWiNFO inavyoviweka juu kwa ubora. Vya namna hiyo ndivyo vinavyopandishwa kasi ya juu zaidi, kwa hiyo havina akiba kubwa ya kukatwa. Nikakirudisha hicho peke yake kutoka upungufu wa hatua 25 hadi 12, vingine nikaviacha. Kisha nikaiachia CoreCycler usiku, inayokipima kiini kimoja baada ya kingine kwa Prime95, programu ya kuibebesha prosesa mzigo mzito. Kimya, hakuna hitilafu.

Kikomo cha joto kiwandani ni nyuzi 90, na prosesa hujipunguza kasi ikifika hapo. Usiitafutie feni ndogo, viini vyote vinane vimebanana kwenye kipande kimoja kidogo cha silikoni. Kuhusu dhamana, AMD wanasema wazi kwamba ovakloki inaiondoa, na PBO wanaihesabu humo humo, hata kama swichi yake wameiweka wao wenyewe.