Chati ya Mawaziri Wakuu wa Tanzania: picha safi, lakini imeruka miaka tisa

Hii ni karatasi moja ya saizi ya A1, sentimita 59 kwa 84, inayouzwa kwa ajili ya madarasa, maktaba na ofisi. Bei ni shilingi 6,000 ikiwa karatasi tupu na 12,000 ikiwa imelaminishwa, yaani imefunikwa kwa plastiki. Kichwa chake kimeandikwa kwa herufi nyekundu: Mawaziri Wakuu wa Tanzania Tangu Uhuru. Chini ya kichwa kuna nyuso kumi na mbili katika safu tatu za wanne wanne, kuanzia Julius Nyerere hadi Mwigulu Nchemba. Kila uso una namba, jina kamili, miaka ya uongozi na jimbo.

Uchapaji ni mzuri kwa kweli. Picha za zamani hazijavutwa zikapoteza umbo, na majina yanasomeka kwa mwanafunzi aliyekaa mita nne kutoka ukutani. Tahajia za majina, ambako chati nyingi huharibikia, zimekaa sawa: Edward Moringe Sokoine, Frederick Tluway Sumaye, Edward Ngoyai Lowassa, Mizengo Kayanza Pinda. Aliyepanga majina alifanya kazi yake kwa uangalifu.

Miaka ndiyo iliyoharibika, na chanzo ni kimoja: chati imepangwa kwa nyuso badala ya vipindi vya uongozi. Kila mtu amepewa kisanduku kimoja na mstari mmoja wa miaka, hata kama aliondoka madarakani akarudi baadaye. Kwa hiyo Rashidi Mfaume Kawawa ameandikiwa 1962–1977, Sokoine 1977–1984 na Cleopa Msuya 1980–1995. Mwanafunzi akiulizwa nani alikuwa Waziri Mkuu mwaka 1984, chati inampa majibu matatu: Sokoine, Msuya na Salim Ahmed Salim. Akiulizwa kuhusu mwaka 1992, anakuta Msuya na John Malecela wamekalia kiti kimoja. Msuya alimkabidhi Sokoine Februari 1983 na hakurudi hadi Desemba 1994. Ni zaidi ya miaka kumi na moja, na ndani yake walipita Sokoine, Salim, Joseph Warioba na Malecela.

Kosa la Kawawa ni zito zaidi kwa sababu linafuta jambo la kikatiba. Nyerere alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika kuanzia 1 Mei 1961, akajiuzulu 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, ili akakijenge chama cha TANU. Kawawa akashika nafasi. Lakini tarehe 9 Desemba 1962 Tanganyika ikawa Jamhuri, Nyerere akawa Rais, na cheo cha Waziri Mkuu kikafutwa. Kawawa akawa Makamu wa Rais, na baada ya Muungano wa 26 Aprili 1964 akawa Makamu wa Pili, Abeid Amani Karume akiwa wa Kwanza. Waziri Mkuu hakuwepo kabisa hadi 17 Februari 1972, cheo kiliporudishwa na Kawawa akapewa tena, mwaka uleule wa Madaraka Mikoani, mpango wa kupeleka madaraka ya serikali mikoani. Hapo katikati ni miaka tisa na miezi miwili. Mstari unaosomeka 1962–1977 unamfundisha mtoto kwamba nchi ilikuwa na Waziri Mkuu wakati wa Azimio la Arusha la 1967. Haikuwa naye.

Namba zilizo pembeni ya picha zinatokana na mpangilio huohuo, na ndizo zinazozua ubishi usiokwisha wa "Waziri Mkuu wa ngapi?" Chati inamwita Kassim Majaliwa wa 11 na Nchemba wa 12. Ukihesabu watu tangu 1961, hiyo ni sahihi. Ukianza 1972, yaani Mawaziri Wakuu wa Jamhuri ya Muungano peke yao, Nyerere anatoka, Kawawa anakuwa wa kwanza, Majaliwa wa 10 na Nchemba wa 11. Ukihesabu vipindi, Kawawa, Sokoine na Msuya kila mmoja anaingia mara mbili, hivyo tangu 1961 vipo 15, na tangu 1972 vipo 13. Hesabu zote hizi zinakubalika mradi useme umeanzia wapi. Chati ilitakiwa kuandika maneno manne tu chini ya kichwa: "Tumehesabu watu tangu 1961." Haikuandika.

Kichwa chenyewe nacho kina tatizo. "Tangu Uhuru" ni uhuru wa nani? Zanzibar ilipata uhuru 10 Desemba 1963 ikiwa na Waziri Mkuu wake, Mohammed Shamte, na baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964 cheo hicho alipewa Abdullah Kassim Hanga. Kama Waziri Mkuu wa Tanganyika amewekwa, hawa wawili walistahili angalau mstari mmoja wa maelezo. Waziri Kiongozi wa Zanzibar ni jambo jingine: cheo hicho kilianza 1983 na kikaondolewa 2010, na kilikuwa cha Serikali ya Mapinduzi. Chati haikukigusa, na hapo imefanya vizuri kwa sababu kukichanganya na Waziri Mkuu wa Muungano kungeleta mkanganyiko mpya.

Ila imemwingiza Augustine Mrema. Amewekwa pembeni ya Malecela kwa picha ndogo yenye maneno "Naibu Waziri Mkuu". Ni kweli alikuwa na cheo hicho, lakini Katiba ya 1977 haikitaji popote, na wengine waliokishika hawapo kwenye chati: Salim Ahmed Salim, aliyekuwa Naibu baada ya kutoka kwenye Uwaziri Mkuu, na Doto Biteko aliyeteuliwa 2023. Ama wawekwe wote watatu, ama aondolewe.

Sehemu ambayo ingeweza kuipandisha chati hii juu ya nyingine ni miaka ya 1985 hadi 1995, nayo imepitwa bila neno. Warioba, Malecela, na Msuya katika kipindi chake cha pili, walikuwa Mawaziri Wakuu na papo hapo Makamu wa Kwanza wa Rais, kwa kuwa Rais Ali Hassan Mwinyi alitoka Zanzibar na Makamu wa Kwanza alipaswa kutoka Bara. Mabadiliko ya Katiba yaliyoleta mgombea mwenza, yaliyotumika kuanzia uchaguzi wa 1995, ndiyo yaliyotenganisha vyeo hivi. Ndiyo maana Sumaye alikuwa Waziri Mkuu tu, na Omar Ali Juma akawa Makamu. Mwalimu wa Uraia anahitaji mstari huu kuliko anavyohitaji jimbo la kila mtu.

Majimbo hata hivyo yanavutia kuyasoma. Monduli inaonekana mara mbili, kwa Sokoine na Lowassa. Sumaye ni Hanang, Majaliwa ni Ruangwa. Kosa moja: Pinda ameandikiwa Katavi, ilhali alipoteuliwa 2008 alikuwa mbunge wa Mpanda Mashariki. Katavi ilikuja na uchaguzi wa 2010.

Chini kabisa kuna kisanduku cha "Utaratibu wa Uteuzi" chenye sentensi moja: Waziri Mkuu huteuliwa na Rais. Haitoshi. Kwa ibara ya 51 ya Katiba, Rais humteua ndani ya siku 14 baada ya kushika madaraka, kutoka miongoni mwa wabunge wa majimbo wa chama chenye wabunge wengi zaidi, na uteuzi lazima uthibitishwe na Bunge kwa kura za wabunge walio wengi. Hatua hizi ndizo zinazoeleza kwa nini vitabu hutofautiana kwa siku moja. Majaliwa alithibitishwa 19 Novemba 2015, akaapa tarehe 20. Nchemba alithibitishwa 13 Novemba 2025, akaapa tarehe 14. Chagua tarehe ya kiapo, uifuate kwa wote.

Chati inaweza kurekebishwa kwa nusu saa, na tunashauri ununue ile ya karatasi tupu, uisahihishe kwanza, ndipo uipeleke kulaminishwa. Gundi ya kawaida haishiki juu ya laminesheni. Vipande huanza kunyanyuka pembeni, na wino wa kalamu hufutika kwa vidole vya watoto. Nunua karatasi ya stika nyeupe, ukate vipande vya sentimita 2 kwa 7, ufunike mistari ya miaka ya watu watatu. Kwa Kawawa andika: 22 Januari 1962 hadi 9 Desemba 1962 (Tanganyika), kisha 17 Februari 1972 hadi 13 Februari 1977. Kwa Sokoine: 13 Februari 1977 hadi 7 Novemba 1980, kisha 24 Februari 1983 hadi 12 Aprili 1984, siku aliyofariki katika ajali ya gari mkoani Morogoro akitoka Dodoma. Kwa Msuya: 7 Novemba 1980 hadi 24 Februari 1983, kisha 7 Desemba 1994 hadi Novemba 1995. Usijaze siku kati ya 12 na 24 Aprili 1984. Kiti kilikuwa wazi hadi Salim alipoteuliwa, na pengo hilo ni sehemu ya historia. Mwisho wa Lowassa uache kuwa 7 Februari 2008, siku aliyotangaza bungeni kujiuzulu kufuatia ripoti ya kamati teule kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Pinda aliapa siku mbili baadaye.

Kata kipande kirefu zaidi, sentimita 2 kwa 20, ukiweke chini ya Kawawa, kati ya Nyerere na Sokoine, kikiwa na maneno "1962–1972: cheo hakikuwepo". Kitaingia bila kufunika uso wa mtu, kwa kuwa safu ya kwanza ina nafasi ya sentimita 3 chini ya majimbo. Nafasi kama hiyo haipo kwenye safu ya tatu. Nchemba ameishia ukingoni kabisa, na atakayemfuata hana pa kukaa, kwa hiyo unapoilaminisha mwambie fundi aache ukingo mtupu wa sentimita 10 upande wa kulia.