Skrinseva za kompyuta kuukuu: sikiliza feni kwanza

Malalamiko mnayonitumia yanafanana: kompyuta ya eksi-UK (iliyokwisha tumika Uingereza) kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, prosesa ya zamani ya Core 2 Duo, RAM GB 2, imetulia tuli ukiandika, lakini ukienda jikoni kupika chai, skrinseva (picha zinazojichezea kwenye skrini mashine ikiachwa) inawaka na mashine inaanza kunguruma. Uzuri wa picha sitaugusa, kila mtu na macho yake. Nauliza jambo moja tu: feni inafanya nini wakati kiti hakina mtu?

Nyingi ya mashine hizi hazina kadi ya picha ya maana. Skrinseva ya 3D ikiwaka, kazi ya kuchora inaiangukia prosesa, joto linapanda, feni inalia, na tokeni za stima zinaisha kumchorea mtu ambaye hayupo. Iache iende dakika kumi, kisha weka kiganja nyuma ya kasha, pale hewa inapotokea. Hewa ikikuchoma, ifute skrinseva hiyo. Hizi skrini bapa haziungui alama kama zile za chogo, kwa hiyo skrinseva siku hizi ni pambo.

Namba moja ni XScreenSaver, na upendeleo wangu siufichi. Mwandishi wa programu Jamie Zawinski ameitunza tangu 1992, ni ya bure, na ina maonyesho zaidi ya 200; unachagua mepesi, ya 3D unayaacha. Mimi nina Phosphor, herufi za kijani zinazofifia polepole. Muda uliouweka ukifika, inaizima skrini kabisa. Ni ya Linux na Mac. Ukiletewa ya Windows yenye jina hilo, si ya Zawinski.

Kwenye Windows, tumia Blank iliyokuja nayo: skrini nyeusi, basi. Mystify ni mistari tu, nayo inavumilika.

Electric Sheep inapendeza mno, ila hupakua video zake mtandaoni, na bando ni lako. Marine Aquarium ni ya kulipia. Pesa hiyo afadhali uongezee RAM.

Za bure za ovyo ovyo? Faili ya .scr ni programu kamili, inaweza kubeba virusi. Tupite.

Sasa wauzaji. Duka moja hapa mjini lilinitoza shilingi 500 za “kuremba kompyuta”. Kurembwa kwenyewe: samaki wa 3D, na feni inayonguruma. Nikauliza, je, vumbi la feni mmepangusa? Nikaambiwa hiyo ni bei nyingine.