Uzoefu wangu: CNC ya kuchonga mbao niliyoiunda kwa vyuma vya mashine za fotokopi

Nianze na hukumu yangu, maelezo yatafuata. Mashine hii ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, inachonga vibao vya majina, aya za Kurani kwenye mninga, nakshi za milango ya makabati na mapambo ya MDF, ndani ya eneo la sentimita 60 kwa 40, na kazi inatoka vizuri kiasi cha mteja kulipa bila kubishana. Kwenye mbao ngumu inakwenda polepole. Kwa alumini siipendekezi kabisa. Ukitaka kuchonga mlango mzima, nenda Keko, Dar es Salaam, kwa wenye mashine kubwa za kutoka China, maana kazi ile inadai uzito na upana ambao mabaki ya ofisini hayawezi kukupa. Gharama yangu yote haikufika laki sita, ruta (mashine ya umeme inayozungusha biti ya kuchongea) ikiwa ndani.

Wakuu wengi wanaoniuliza huanza na Arduino, ile bodi ndogo ya kielektroniki inayoiamuru mashine: nichukue ipi, programu ipi. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Kinachoamua kama duara litatoka duara ni vyuma, na hapo ndipo nitakaa zaidi.

Fotokopi kubwa ya zamani, ile ya kusimama sakafuni, ni hazina. Ndani yake kuna shafti za chuma zilizonyooka na kung'arishwa, mikanda yenye meno, puli, springi, beringi na swichi ndogo za milangoni. Fundi mmoja wa fotokopi pale Kariakoo aliniambia, "Mdogo wangu, mashine ikikushinda kubeba, hiyo ndiyo ya kununua," na alisema kweli. Nyepesi za mezani zina shafti nyembamba, nyingine ni bomba tupu. Mimi nilichagua shafti za milimita 12 kwa mhimili mrefu, na kuna hesabu nyuma ya uchaguzi huo. Ugumu wa shafti kutopinda hupanda kwa kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne, kwa hiyo ya milimita 12 ni ngumu mara 5 hivi kuliko ya milimita 8. Urefu nao unaumiza: ukiongeza urefu maradufu, mzigo uleule utaipinda mara 8 zaidi. Ndiyo maana nilisimamia sentimita 60 na sikushawishika kwenda mita.

Kuipima shafti huhitaji kifaa cha maabara. Iviringishe juu ya kioo cha dirisha, taa ikiwa upande wa pili, uinamishe macho usawa wa kioo. Mwanga ukipita chini yake na kupotea kila inapozunguka, imepinda, irudishe. Ikibaki mstari mmoja mweusi mwanzo mpaka mwisho, lipa. Pitisha pia ukucha juu yake kwa urefu, kwa sababu penye kovu la kutu beringi itakwama palepale kila siku. Beringi zenyewe, LM12UU za shafti ya milimita 12, nilinunua mpya. Ni rahisi na hazina sababu ya kuokotwa.

Fremu nilichomelewa kwa bomba za mraba. Joto la kuchomea huvuta chuma, kwa hiyo mwambie fundi ashike kwanza nukta kwenye kila pembe, mpime urefu wa kutoka kona hadi kona pande zote mbili, na vipimo vikilingana ndipo amalizie. Vikitofautiana kwa milimita mbili, kila mraba utakaochonga utakuwa umelala upande.

Sasa mota, na hapa nina maoni makali. Watu huambiwa wafungue printa yoyote watapata mota za hatua (stepper), zile zinazozunguka kwa hatua ndogo za kuhesabika. Printa nyingi za wino za miaka ya karibuni hutumia mota za kawaida za DC pamoja na ukanda wa plastiki wenye mistari midogo ya kusomea mahali kichwa kilipo. Hizo hazikufai. Zilizo nzuri ni za printa za zamani za nukta, zile za risiti za utepe na karatasi zenye matundu pembeni. Ila nyingi zina nyaya 5 au 6. Yenye nyaya 6 inafaa: waya wa katikati wa kila koili unauacha wazi. Yenye 5 iache, kwa kuwa koili zake zimeunganishwa ndani. Kujua waya upi ni jozi ya upi, gusanisha nyaya mbili, kisha zungusha mota kwa vidole. Ikiwa ngumu ghafla, umepata jozi.

Nimezitumia hizo na zinazunguka, lakini kama mfuko unaruhusu, nunua mota tatu mpya za hatua za saizi ya NEMA 17 zinazofanana. Za kuokota hutofautiana nguvu, mhimili mmoja unapoteza hatua mwingine hauna habari, na katikati ya kazi nakshi inahama. Shafti okota, mota nunua. Huo ndio ushauri wangu, nausema baada ya kuzitumia zote mbili kwenye fremu hiihii.

Skrubu za kusogezea nazo zina hadithi. Mwanzo nilifunga chuma cha nyuzi za M8, kile cha duka la vifaa vya ujenzi. Mzunguko mmoja husogeza milimita 1.25 tu. Ukitaka mwendo wa milimita 1,000 kwa dakika, mota lazima izunguke mara 800 kwa dakika, na kwa kasi hiyo mota hizi huishiwa nguvu, chuma chenyewe kinayumba katikati na kupiga kelele. Skrubu ya T8 ya printa za 3D husogeza milimita 8 kwa mzunguko, hivyo mwendo uleule unataka mizunguko 125. Tofauti yake niliisikia hata kwa mlio.

Kwa mhimili wa juu na chini nilichukua T8 ya aina inayosogeza milimita 2 kwa mzunguko. Ruta ina uzito, na ile ya milimita 8 inaweza kuiachia iteremke yenyewe mota zikikosa umeme.

Kuhusu ulegevu wa nati, kuna kipimo kimoja ninachokiamini. Chonga duara la sentimita 5 kwenye MDF, upake penseli ukingoni, uliangalie kwa karibu. Nati ikiwa legevu, utaona vibapa vinne vidogo, juu, chini, kushoto na kulia, yaani pale hasa mhimili unapogeuza mwelekeo. Nati ya shaba yenye springi katikati iliviondoa kwangu. Duara likitoka na vibapa, usihangaike na programu, nenda kwenye nati.

Upande wa umeme nitapita haraka. Arduino Uno, bodi ya CNC Shield V3, draiva tatu za A4988 (vibodi vinavyopeleka umeme kwenye mota), na GRBL, programu ya bure ya kuwekwa ndani ya Arduino, iliyoanzishwa na Simen Svale Skogsrud mwaka 2009. Kwa kazi hii sioni sababu ya kulipia kitu kingine. Hesabu ya hatua kwa kila milimita ni hii: hatua 200 za mota, mara 8 za mgawanyo wa kila hatua, gawanya kwa milimita za mzunguko. Kwangu ilikuwa 200 kwenye mipangilio ya GRBL $100 na $101 (mihimili ya X na Y), na 800 kwenye $102 (Z, mhimili wa juu na chini). Draiva zipimwe kwa multimita kabla ya kazi. Zile zenye kipinga kilichoandikwa R100, volti ya rejea (Vref) ya 0.8 ni kikomo cha ampia 1 kwa mota. Usichomoe mota umeme ukiwa umewaka, draiva itakufa papo hapo.

Jambo moja limewasumbua wengi: swichi ya kikomo ya Z (inayoguswa mhimili ukifika mwisho) kwenye bodi nyingi za V3 haifanyi kazi pale palipoandikwa Z. Tangu GRBL 0.9, pini 11 na 12 zilibadilishana kazi, kwa hiyo waya wa swichi hiyo uchomeke palipoandikwa SpnEn. Nyaya za swichi pia zitenganishe na waya wa ruta, la sivyo mashine itasimama na kulalamika kwamba imegusa kikomo wakati iko katikati ya meza.

Umeme wa mota unatoka kwenye adapta ya printa ya risiti, volti 24. Kwa volti 12 mota zinakwenda, lakini kwa mwendo wa kasi nguvu hushuka mapema.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, na huku kwetu unakatika, swichi za kikomo ndizo zitakazookoa ubao wako. Weka sifuri ya kazi, yaani pale vipimo vinapoanzia, kwa amri ya G10 L20, usitumie G92. Ya kwanza inahifadhiwa kwenye kumbukumbu ya kudumu, ya pili inafutika. Umeme ukirudi, inua biti, tuma $H mashine itafute kona yake, kisha Universal Gcode Sender, programu ya kompyuta inayotuma kazi kwa mashine, ianzie mstari uliokatikia. Kwenye nakshi ya mninga huwezi kuona kwa macho pale kazi ilipokatika. Kwa mtu wa mtaani kwetu, uwezo huu una thamani kuliko kasi.

Ruta yangu ni ndogo ya mkononi, ya kusawazisha kingo, wati 700 hivi. Imezidi sana kwa nguvu mota ndogo za 775 zinazokuja na CNC ndogo za kununua za 3018. Kwenye mninga natumia biti ya milimita 3 yenye makali mawili, kina cha nusu milimita kila pito, mwendo wa milimita 800 kwa dakika. Mbao ikianza kunuka moshi, kawaida watu hupunguza mwendo, na inazidi kuungua. Ongeza mwendo au punguza mizunguko ya ruta, ili biti itoe chembe badala ya unga. Shika unga unaotoka: ukisikia ni laini kama wa sembe, biti inasugua, haikati.

Vumbi lichukulie kwa uzito. La MDF lina gundi ndani yake, la mninga huwasha pua na kifua. Barakoa nzuri na mashine ya kunyonya vumbi ziingie kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, kabla ya rangi ya fremu. Swichi kubwa nyekundu ya dharura nayo ikate ruta pamoja na mota, kwa sababu kusimamisha GRBL peke yake kunaiacha ruta ikizunguka palepale.

Matunzo ni madogo. Shafti nazifuta na kuzipaka mafuta ya cherehani kila baada ya kazi ya MDF, nati nazikaza, na kaboni za ruta nazikagua, maana zinakwisha upesi ruta ikishinda inazunguka. Nunua jozi ya akiba siku ileile unayonunua ruta, kwa sababu za aina yako zinaweza zisipatikane siku utakapozihitaji.