Baiskeli yangu ya injini: nilichonunua, nilichokirudisha na nilichojuta

Mamangu hukanda unga wa mahamri usiku, na adhana ya alfajiri ikilia kapu la kwanza liko tayari. Kazi yangu ni kuyafikisha kwa wenye vibanda vya chai, kuanzia Kisauni hadi soko la Kongowea hapa Mombasa, yakiwa bado yana moto. Miaka yote nilitegemea miguu na Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma, aliyoniachia babangu. Goti la kulia lilipoanza kuuma nikaamua kuitia baiskeli injini. Pikipiki sikuitaka. Pikipiki ikizima njiani huna ila kuisukuma, lakini baiskeli ikizima unapiga pedali na mahamri yanafika.

Nilipokuwa natafuta, kila niliyemuuliza alinieleza habari za injini: ipi ina nguvu, ipi inakimbia. Kumbe injini ndiyo iliyonisumbua kidogo kuliko vyote. Kilichonilaza macho ni gurudumu la nyuma, breki na cheni.

Lakini tuanze na injini hiyo hiyo. Hizi za Kichina za mipigo miwili (two-stroke) huja kwenye boksi pamoja na tenki, kabureta, cheni, sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni), klachi na nyaya zake. Ya kwanza niliyonunua iliandikwa 80cc. Tulipofungua kichwa chake nikaomba vernia, kifaa cha kupimia milimita, tukapima: silinda upana milimita 47, pistoni inapanda na kushuka milimita 38. Piga hesabu, utapata 66cc. Hiyo 80 ni maandishi ya boksi tu. Si kwamba 66 ni mbaya, ila nilimlipa mtu kwa kitu ambacho hakimo, na nilipomrudia dukani alinitazama kana kwamba mimi ndiye mwenye makosa. Akakubali kunibadilishia kwa ndogo yake, ile ya 48cc, bila kunirudishia tofauti ya bei.

Ile ndogo ndiyo niliyo nayo hadi leo, na siitaki nyingine. Mombasa hatuna milima. Mwinuko mkubwa ninaokutana nao ni Daraja la Nyali siku za Ijumaa ninapopeleka oda Mji wa Kale, na pale nikisaidia kidogo kwa pedali inapanda na makapu mawili bila kulalamika. Injini kubwa hutetemeka zaidi, na mtetemeko ndio unaolegeza nati na kukata spoki. Kama unaishi kwenye mabonde na unabeba mtu mzima nyuma, hilo ni jambo jingine.

Ile ya mipigo minne niliifikiria pia. Haina kelele nyingi, na oili yake inakaa ndani ya injini kwa hiyo huchanganyi na petroli. Lakini ni pana, inataka giaboksi yake na ekseli ndefu ya pedali ili miguu isigonge injini. Kwa mtu anayetengenezea uani kwake akiwa na spana na nyundo, hiyo ni kazi kubwa.

Sasa nije kwenye gurudumu. Nilikuwa nimeshafunga injini kwenye Black Mamba, na imekaa vizuri kabisa, maana fremu yake ni ya bomba nyembamba za chuma na vishikio vya injini vinazikumbatia sawasawa. (Fremu za kisasa za alumini huwa na bomba nene, vishikio havifungi.) Nikaipeleka kwa ami mmoja, fundi wa baiskeli Kongowea, anifungie sproketi ya nyuma. Aliishika mkononi, akaigeuza, akaniambia:

"Mwanangu, hesabu spoki za hili gurudumu."

Nikahesabu. Arubaini.

"Na hii ina matundu mangapi?"

Tisa.

"Basi rudi nayo nyumbani ukaifikirie."

Sikwenda kufikiria, nilimwomba afunge hivyo hivyo. Hapo nilikosea mimi. Ile sproketi haiingii kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, inabanwa kwenye spoki zenyewe kwa raba mbili, moja ndani moja nje, na bolti tisa zinapita kati ya spoki. Imetengenezewa gurudumu la spoki 36, ambalo kila upande lina 18, kwa hiyo kila bolti inapata nafasi yake. Black Mamba ina spoki 40 nyuma, 20 kila upande. Bolti nyingine zinakaa, nyingine zinaegemea spoki na kuzisukuma. Ukizungusha gurudumu ukaweka kidole karibu na sproketi, unaona inakusogelea na kukukimbia, inakusogelea na kukukimbia. Cheni haiwezi kuvumilia hivyo.

Haikuvumilia. Siku ya nne, karibu na kuingia soko, cheni iliruka, ikakivuta kile kigurudumu cha kukaza cheni, nacho kikapinda na kuingia kwenye spoki. Gurudumu la nyuma lilijifunga papo hapo. Nilikuwa mwendo wa polepole, Alhamdulillahi, nikaanguka ubavuni na kuchubuka kiwiko tu. Spoki sita zilikatika. Mahamri yalienda barabarani, na mama mmoja wa mboga akanisaidia kuyaokota huku akinisomea kama mwanawe.

Tangu siku hiyo nikamsikiliza ami. Alinitafutia baiskeli ya mauntani ya mtumba, kati ya zile zinazoshuka bandarini: fremu ya chuma, magurudumu ya inchi 26, spoki 36, na breki za mikono miwili zinazobana rimu kwa pembeni. Injini tukaihamishia huko. Hizo breki ni sababu tosha ya kuiacha Black Mamba. Breki zake ni za vyuma, zinavuta raba kutoka chini ya rimu, na masika rimu ikilowa unabana na baiskeli inaendelea na safari yake. Kwa mwendo wa miguu unaweza kushusha mguu. Kwa mwendo wa injini huwezi.

Na kile kigurudumu cha kukaza cheni, tafadhali usikifunge kama kilivyo. Kinakuja na kishikio cha bolti mbili kinachobana bomba la fremu kwa nguvu ya msuguano tu, na siku moja kitazunguka kuelekea kwenye spoki. Tulimwendea mtu wa kuchomelea, akaweka kipande kidogo cha bapa kwenye fremu, tukatoboa na kupitisha bolti. Sasa hakina pa kwenda. Kabla ya hapo ami alichukua uzi, akaukaza kutoka sproketi ndogo ya injini hadi ile ya nyuma kuona kama cheni itakwenda sawa. Haikuwa sawa. Tukasogeza raba na vile vibati vya bolti (washa) mpaka uzi ukanyooka. Kazi hiyo peke yake ilichukua mchana mzima, na ndiyo iliyonipa miezi saba ya usalama.

Meno ya sproketi: ya nyuma ina 44. Kuna vijana wanaoweka ya 36 ili ikimbie. Kwa ya 44, injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika unakwenda kama kilomita 27 kwa saa, ukiweka ya 36 inafika 33 hivi. Mimi nina makapu. Naibakisha 44, inaondoka na mzigo bila kuisumbua klachi.

Mafuta sasa. Kwa siku za kwanza, injini ikiwa mpya, weka oili moja kwa petroli kumi na sita, halafu baadaye moja kwa ishirini. Tenki langu ni lita mbili, kwa hiyo mililita 125 mwanzoni na 100 sasa. Napima kwa sirinji kubwa ya dawa, si kwa jicho. Iwe oili ya injini za mipigo miwili, sio ile ya gari iliyobaki gereji. Na changanya kwenye jerikeni kwanza, tikisa, ndipo umimine.

Vitu nilivyobadilisha mara moja: plagi iliyokuja kwenye boksi nikaweka ya NGK, nati na bolti karibu zote kwa sababu chuma chake ni laini, na gasketi ya ekzosi. Hewa yetu ya chumvi hula kila kitu. Spoki nazipaka grisi kwenye shina kila mwezi, na zile bolti za kichwa cha silinda nazikagua kila Ijumaa zikiwa baridi. Waya mweupe wa magneti, kile kinachotoa umeme wa injini, usiuguse kuwashia taa, unanyang'anya plagi umeme na injini inaanza kukohoa. Taa yangu ni ya betri, kando.

Kinachonifurahisha zaidi hakimo kwenye maelezo ya muuzaji yeyote. Kwenye mkono wa klachi pana kitufe kidogo. Ukivuta klachi ukakibonyeza, inabaki imeshikwa, injini inaachana na gurudumu, na una baiskeli ya kawaida. Mtaani kwetu pana msikiti, na saa ninayotoka watu wako kwenye sala. Nafika kwenye kona, nazima injini, nabonyeza kitufe, napita nikipiga pedali na kusikia sauti ya imamu na cheni tu. Nikishalipita geti la mwisho naachia klachi, injini inashika, naendelea.

Ami ndiye anayenidai sasa. Anataka gurudumu la Black Mamba lenye spoki zilizokatika, alisuke upya, maana Mama amesema baiskeli ya Baba irudi barabarani, lakini kwa miguu.